Maneno Manne ya Benchi

Siku ile Makasi alikata mikono themanini ya kushoto, na karakana nzima ikapata la kucheka mpaka saa ya kufunga.

Asiyejua kazi ya kukata anaweza kudhani ni kosa dogo, kwa hiyo tulieleze. Karakana ile ilishona sare: za wapishi, za walinzi, za madereva. Kitambaa hutandazwa juu ya meza ndefu, tabaka arobaini zikilaliana, na juu yake huwekwa karatasi ngumu za vipimo: ya kifua, ya mgongo, ya kola, ya mkono. Mkataji huzungushia kila karatasi chaki, kisha huwasha mashine yenye kisu na kukata tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Sasa, shati lina mkono wa kulia na wa kushoto. Ukishachora wa kushoto, unaigeuza karatasi, unachora wa kulia. Kugeuza karatasi ni kazi ya sekunde mbili, na Makasi alikuwa ameifanya kwa miaka thelathini na miwili bila hata kuiwazia. Siku ile hakugeuza. Mashati arobaini yakapata mikono themanini, yote ya bega moja.

"Hata pweza angekataa kuvaa," alisema Kasuku, fundi wa cherehani ya tatu, mwanamke ambaye alinyamaza tu akiwa ameshika pini kwa meno.

Wakacheka wote, na Makasi akacheka nao, maana ukichekwa ukanuna unaongeza utamu. Lakini moyoni aliumia, tena sana. Jina la Makasi hakuliokota njiani. Alipewa na marehemu mzee mwenye karakana, enzi za mkasi wa mkono, kwa sababu alijua kukata mpaka kisibaki kipande cha kufungia kidole. Jina la baba yake watu walikuwa wamelisahau.

Mwenye karakana siku hizi alikuwa mtoto wa yule mzee, kijana wa miaka thelathini na kitu. Utotoni alilala usingizi wa mchana chini ya meza ileile, juu ya vipande vya nguo, na Makasi ndiye aliyekuwa akimfunika. Ndiyo maana alipomwita ofisini alikuwa anaongea na kalenda ya ukutani.

"Mama, mwezi uliopita zilikuwa kola."

"Najua, bosi."

"Ukiniita bosi najua umekasirika."

"Sijakukasirikia wewe."

Kijana akashusha pumzi. "Kuna kazi kubwa inakuja. Magauni ya wauguzi, hospitali tatu. Sina kitambaa cha kuchezea. Likitokea kosa la tatu nitakuhamishia kwenye vifungo, mama. Si kwa ubaya."

Meza ya vifungo ilikuwa pembeni kabisa, jirani na mlango wa choo. Walikaa pale mafundi waliochoka macho na waliochoka mgongo, wakishonea vifungo na kuhesabu siku za kustaafu. Makasi aliipita akitoka ofisini, na akajiapia kwamba akikaa pale, awe amekaa kwa miguu yake mwenyewe, si kwa kusukumwa.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo bosi hakulijua, wala Kasuku hakulijua, na lile Kasuku asilolijua basi dunia nzima hailijui. Makasi alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Dawa alimeza kila siku bila kukosa, na vipimo vya damu vilisema virusi vimelala chini kiasi kwamba mashine haivioni. Mwili ulikuwa mzima, mapafu mazima, miguu mizima. Ni kichwa tu, kwa miezi kama sita hivi, kilichokuwa kimeanza utani. Alikuwa akimuuliza mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, swali moja mara tatu kabla ya chai kupoa. Alikuwa akisimama katikati ya maneno akitafuta jina la kitu alichokishika mkononi. Mdogo mtu alikuwa karani wa shule, mwanamke wa mpangilio, na mwanzoni alidhani dada yake anamfanyia makusudi.

"Dada, hilo umeniuliza."

"Nimekuuliza lini?"

"Sasa hivi. Na kabla ya sasa hivi."

Makasi alisema ni uzee. Ana miaka hamsini na mitatu, na uzee ni kapu, kila kitu kinaingia.

Mwezi uleule kliniki ikaanza kipimo kipya. Kila aliyekuwa kwenye dawa zaidi ya miaka kumi aliitwa chumba namba sita kupimwa kumbukumbu na wepesi wa akili, kwa sababu, tangazo lilisema, virusi vinaweza kuugusa ubongo hata kwa mtu mwenye afya njema. Watu walisoma mstari wa kwanza wa tangazo, wa pili wakajitungia. Ikasemekana ukishindwa, faili lako linapigwa muhuri, na barua inakwenda kwa mwajiri wako na kwa watoto wako kuwaambia kwamba akili yako haitoshi tena. Nani aliiona barua hiyo? Hakuna. Lakini uvumi hauna haja ya shahidi.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Watu wa Benchi. Kwenye baraza la kliniki palikuwa na benchi refu la mbao, na waliokaa pale kila mwezi wakisubiri dawa walikuwa wamejuana tangu miaka ile mibaya, walipokuwa wakizika mwenzao karibu kila wiki. Waliobaki walibaki kwa kufundishana. Walifundishana kuweka pamba ndani ya chupa ya vidonge isipige kelele kwenye mkoba. Walifundishana namna ya kumjibu mshauri, kwa sababu siku zile ukikiri umeruka dozi moja ulirudishwa darasa la ushauri wiki tatu kabla ya kupewa nyingine. "Sijakosa hata siku moja" lilikuwa jibu la benchi zima, liwe kweli lisiwe kweli. Kupeana majibu ndiyo iliyokuwa sadaka yao, na hakuna aliyeona aibu nayo.

Kwa hiyo watatu wa kwanza walipotoka chumba namba sita, benchi liliwazunguka. Sista, yule muuguzi wa mle ndani, anataja maneno manne, walisema, kisha anakuchezesha vidole na mikono, halafu anakuuliza yale maneno. Maneno gani? Mmoja alikumbuka mawili, wa pili moja, wa tatu mawili ila moja lilikuwa limeshatajwa. Mwalimu akayaunga, yakatimia manne.

Mwalimu alikuwa mstaafu, miaka thelathini na minne ya ubao na chaki, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alisimama mbele ya benchi kama yuko mbele ya darasa la tatu.

"La kwanza!"

"Ndoo!" benchi likaitikia.

"La pili!"

"Bata!"

"Yote!"

"Ndoo, bata, ndimu, nyeusi!"

"Wewe wa mwisho pale umesema embe. Rudia peke yako."

Makasi aliyachukua maneno yale nyumbani, akayakariri wiki nzima. Mdogo wake alimsikiliza huku anaosha vyombo. Mikono nayo wakaifanyia mazoezi mezani: ngumi, kiganja, ubavu wa mkono, ngumi, kiganja, ubavu. Mikono ya Makasi iliteleza mara nyingi, kiganja kikaja mahali pa ubavu, lakini ukirudia kitu mara mia hata jiwe litakariri.

Siku yake ilipofika, Sista wa chumba namba sita alimkaribisha kwa heshima. Alikuwa binti mdogo, rika la mpwa wake, mwenye saa kubwa kifuani na kalamu iliyogugunwa.

"Nitakutajia maneno manne, mama. Uyashike, nitakuuliza baadaye."

Alipotaja la pili, midomo ya Makasi ilikuwa imeshafika la nne. Sista alimtazama kidogo, akaendelea. Vidole vikagongana, dole gumba na cha shahada, mbio mbio, Sista akihesabu. Mikono ikapita kwenye ngumi na kiganja na ubavu. Kisha: "Maneno yetu?"

"Ndoo, bata, ndimu, nyeusi."

"Kumi na mbili juu ya kumi na mbili," alisema Sista, akiandika polepole. "Hongera, mama."

Makasi alitoka pale akiwa mwepesi. Benchi lilimpigia makofi. Njia nzima alijiambia kwamba basi ni miwani, ni chaki mbovu, ni joto la karakana. Kichwa kimepimwa na serikali, kina alama zote!

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na ya Makasi ilikuwa na urefu wa siku nne. Siku ya nne alikuwa kwenye meza, aproni za wapishi, kazi ya mtoto mchanga. Alichora upande mmoja. Mtu akapita, akamsalimu, akaitikia. Alipouinamia mstari tena hakujua yuko wapi. Je, ameshahesabu tabaka? Karatasi hii ameitoa au anaiweka? Mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwake, kisu kinapanda na kushuka, na yeye amesimama mbele ya kazi yake mwenyewe kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

Akaizima mashine. Akajaribu kujiuliza vitu. Namba ya simu ya mdogo wake? Ikaja nusu. Na papo hapo, bila kuitwa, yakajileta kama kuku wanaoona punje: ndoo, bata, ndimu, nyeusi. Yale ameyashika. Yale atakufa nayo. Hasira zikampanda mpaka masikioni. Amepata alama zote kwa kukariri, sawa, na kitambaa je? Atakikaririsha nani? Ule wepesi aliotoka nao kliniki ulikuwa wa mtu aliyefaulu kujiibia mwenyewe.

"Makasi, umeganda?" aliuliza Kasuku kutoka cherehani ya tatu.

"Nafikiri," alisema. "Na wewe ujaribu siku moja."

Aliomba ruhusa ya asubuhi iliyofuata. Mdogo wake alipoambiwa alikaa kwanza, maana ndiye aliyekuwa mwalimu wa jikoni. "Dada, wakikuandika vibaya je?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nataka niumbuliwe mapema, nikiwa bado nina nguvu za kuona haya."

Haikuwa siku ya dawa, kwa hiyo alitegemea kulikuta benchi tupu. Alimkuta Mwalimu. Amekaa peke yake, kifungo cha shingoni kimefungwa, kitabu cha kliniki kiko magotini.

"Umekuja kuchukua dawa, Mwalimu?"

"Si leo siku yetu? Nashangaa watu wamechelewa."

Siku yao ilikuwa Alhamisi ijayo. Makasi hakulisema hilo. Alikaa kando yake, akamwambia lililomleta: anaingia namba sita kusema kwamba walikariri.

Mwalimu alimgeukia kwa jicho lililowahi kunyamazisha watoto sitini. "Utatuchoma wote."

"Sitataja mtu. Nitajitaja mimi."

"Ukijitaja wewe, watabadilisha maneno, na kesho kutwa tunaanguka mmoja mmoja. Una kichaa? Hili benchi limetulea. Nani alikuonyesha la kusema siku ile ya kwanza, ulipokuwa unatetemeka hata jina lako hulijui?"

"Ni wewe."

"Basi?"

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimchoma. Kama si mtu huyu asingefika mwaka wa pili. Alishika mkono wake.

"Mwalimu wangu, siku zile tulidanganya ili tupate dawa. Safari hii tunadanganya ili tuikose."

Kisha Makasi akamuuliza taratibu, bila kejeli, ayataje yale maneno manne. Mzee akacheka kwa dharau, akafungua mdomo. "Ndoo," akasema. "Bata." Akanyamaza. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoka na kikaratasi kilicholegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa, na ndipo akakumbuka kwamba anatazamwa. Akakirudisha. Hapo Makasi alielewa kwa nini mtu huyu alilisimamisha benchi na kulikaririsha mara kumi, mara kumi na tano. Alimwonea huruma mpaka akataka kulia, lakini kulia kungemchelewesha, akainuka akagonga mlango wa namba sita.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa rundo la fomu, nene kiasi cha tofali, akaliweka mezani.

"Watu arobaini na wanne, mama. Watatu wa kwanza walipata chini ya nane. Waliofuata wote, kumi na mbili. Wote! Mkubwa wangu alinipongeza kwenye mkutano. Mimi mwenyewe nilijipima, nikapata kumi na moja. Nikasema, basi kliniki hii wagonjwa wana akili kuliko wafanyakazi."

Makasi alicheka bila kupenda, na binti naye akacheka, ingawa macho yake yalionyesha kwamba pongezi ile ilikuwa imemkosesha raha.

"Barua kwa mwajiri mnaandika lini?"

"Barua gani?"

Akaelezwa uvumi. Sista alishika kichwa. Hakuna barua, alisema, wala muhuri. Matokeo yanakaa ndani ya faili, na faili linakaa ndani ya kabati hilo, na ufunguo ni huu. Akaeleza pia kile ambacho tangazo lilikuwa limeshindwa kukieleza. Ubongo unaweza kuguswa na virusi vyenyewe. Lakini pia unaweza kulemewa na damu kupungua, na usingizi mbovu, na huzuni ya muda mrefu, na ugonjwa mwingine, au na dawa fulani isiyomfaa mtu fulani. Mengine yanatibika kabisa, mengine yanapunguzwa makali, mengine mtu anajifunza kuishi nayo. "Siwezi kukuahidi lipi ni lako. Lakini nikiona kumi na mbili, sitafuti chochote. Nakwambia hongera, unakwenda zako."

"Basi nipime tena. Maneno mapya."

Sista akatazama huku na huku chumbani, akitafuta. Makasi akamzuia.

"Usichukue vilivyo humu ndani, mwanangu. Nitaviona, na mimi ni mwizi mzoefu."

Binti akatabasamu, akatazama dari, akayataja polepole, moja baada ya jingine. Kengele. Mchanga. Jogoo. Njano. Makasi aliyarudia, akayakumbatia. Kisha vidole. Safari hii hakujitia umahiri, aliviacha viende vinavyokwenda, na aliviona vikijikwaa. Ngumi, kiganja, ubavu. Ngumi, ubavu, akasimama. Akaanza tena. Jasho lilimtoka. Ilikuwa aibu, mikono hii, mikono iliyowahi kukata gauni la harusi kwa jicho bila kipimo, kushindwa na mchezo wa watoto. Hakuificha chini ya meza.

"Maneno yetu, mama?"

"Kengele." Hilo lilikuja. "Jogoo." Kisha kimya. Ndani ya kile kimya yale ya zamani yakaanza kubisha hodi, ndoo, ndimu, na akayafukuza kwa sauti: "Nyie tokeni, si zamu yenu." Sista alisubiri. Akampa kidokezo: ni rangi. "Njano," akasema Makasi. La mwisho, unalikuta ufukweni au kwenye ujenzi. Alitafuta. Alitafuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepapasa sindano kwenye zulia. Halikuwepo.

"Sina."

"Saba na nusu," alisema Sista. Kipimo hiki, ukiwa chini ya kumi na moja, unapelekwa kwa daktari kwa uchunguzi zaidi.

Aliogopa. Aliogopa sana, na afadhali tuliseme hivyo. Aliwaza mwaka ujao, na mwaka baada ya huo, na mdogo wake akimwonyesha mlango wa chumba chake mwenyewe. Akauacha woga ule ukae nusu dakika, kisha akavuta kiti mbele. "Haya. Maji nimeshayavulia nguo. Tunaanzia wapi?"

Wakaanzia kwenye damu, chupa nne. Wakaweka siku ya daktari, siku ya kupitia upya dawa zake, na siku ya kurudi baada ya miezi mitatu. Aliandika yote kwenye daftari kwa mkono wake, kisha akauliza lile lililomleta: "Kitambaa nikate, nisikate?"

"Mimi kukata sijui, mama, nitakudanganya. Wewe ndiye unayejua kazi. Kosa linaingilia wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Bosi alikuwa amehesabu makosa, Kasuku ameyacheka, yeye mwenyewe ameyaficha. Alifumba macho, akaiona meza. Mkono wake ulikuwa bado unajua kufuata chaki, jicho bado linajua kupanga karatasi kwa kubana. Kosa liliingilia kabla ya hapo, kwenye ule upenyo kati ya hatua na hatua, mtu akikukatiza.

Alipotoka, Mwalimu alikuwa palepale.

"Umepata ngapi?"

"Saba na nusu."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akatazama kulia na kushoto, akainama. "Na maneno mapya ni yapi?"

Makasi alilijua deni la mtu yule kwake, na alijua tangu siku ya kwanza hakuna aliyenyimwa jibu kwenye benchi lile. "Hayo sikwambii, Mwalimu," alisema. "Wewe ndiye mtu ninayekupenda kuliko wote hapa, kwa hiyo sikwambii. Sista yuko peke yake, hana foleni. Nitakusubiri."

Mwalimu alikunjua kile kikaratasi, akakisoma, akakikunja. Mwisho akainuka, akajinyoosha shati, akaingia namba sita bila kugonga, kama walimu wanavyoingia madarasani. Makasi alimsubiri saa nzima, na walirudi pamoja.

Asubuhi yake alikwenda moja kwa moja ofisini kwa bosi, akafunga mlango.

"Nimepimwa kichwa. Kumbukumbu yangu ina kasoro, na nimeanza kuchunguzwa. Chanzo ni changu na daktari wangu, usiniulize."

Kijana aliondoa macho kwenye kalenda, akamtazama. "Mama, basi ungepumzika. Kule kwenye vifungo—"

"Sijamaliza. Mkono wangu uko sawa. Ninapopotea ni kati ya hatua. Kwa hiyo nataka mtu asimame upande wa pili wa meza na orodha. Asome kila hatua kwa sauti, nami nijibu kwa sauti nikiwa nimeishika karatasi yenyewe. Mpaka tumalize orodha, mashine haiwashwi, na hakuna anayenisalimu, hata uje wewe na wageni wako."

"Nani atasimama hapo?"

"Kasuku. Yule hawezi kunyamaza, tumpe kazi ya kusema."

Bosi alijizuia kucheka. "Na ukikosea?"

"Kisu kikikosea hata mara moja, nitahamia kwenye vifungo bila kuitwa. Lakini nikikosea kabla ya kisu, hilo si kosa, hilo ni kazi."

Magauni ya wauguzi yalikuja wiki iliyofuata, kitambaa cheupe, kizuri, kisichosamehe. Tabaka arobaini zikatandazwa. Kasuku alisimama na orodha akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama anayekwenda kuapishwa, na bosi akajitia ana shughuli na mlango.

"Upande wa nje wa kitambaa!" Kasuku alisoma, sauti ikafika barabarani.

"Juu. Nimeugusa."

"Kifua, saizi!"

"Kubwa. Naisoma hapa, kubwa."

"Mgongo, saizi!"

Makasi aliinua karatasi ya mgongo, akaikaribisha kwenye miwani. Iliandikwa ndogo. Ilikuwa imekaa pale imebanwa vizuri, imechorwa chaki pande zote, safi, tayari kwa kisu. Cherehani zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine. Kasuku alifungua mdomo na, kwa mara ya kwanza katika maisha ya karakana ile, akaufunga. Kule mlangoni bosi aliacha kuchezea kitasa.

Zamani Makasi angekohoa, angeiteleza karatasi chini ya aproni, angeichomoa nyingine kana kwamba ndiyo iliyokuwepo. Aliiinua juu wote waione.

"Nimekosea," alisema, kwa sauti kubwa kama ya Kasuku. "Hii ni ndogo. Nileteeni kubwa."

Akafuta chaki kwa kitambaa chenye maji, mstari mpaka mstari, bila haraka. Akaipanga karatasi mpya, akaibana, akaichora. Kisha akamtazama Kasuku.

"Anza upya. Hatua ya kwanza."